Mkono wa Tatu: Ukiwa Peke Yako Ndani ya Mtumbwi, Ufito Unakaa Wapi?

Ndugu na dada wa asosiasiyo, leo munisamehe nitoke kidogo ku mashamba niingie ku maji. Mimi ni mwana-agronomi, na lisansi yangu ni ya udongo na mimea, haiko ya samaki. Lakini kazi ya mikono ni kazi ya mikono, ikuwe ya jembe ao ya kasia, na kuna swali moja la kazi ambalo historia yake imenishika kwa miezi kadhaa.

Swali lenyewe ni hili. Mtu mmoja amekaa ndani ya chombo chembamba, anapiga kasia kwa mikono yote miwili. Nyuma yake anavuta mshipi wenye chambo, juu kuna samaki wakubwa ambao hawajali kitu kilicholala; wanakimbiza kile kinachokimbia. Kama chombo kikisimama, chambo kinakufa na samaki anageuka. Kwa hiyo mikono miwili haiwezi kuacha kasia. Sasa ule ufito wa kuvulia unakaa wapi, na nani anaushika?

Watu wa pwani wana neno la uvuvi wa namna hii: kurambaza. Siku ya leo vijana wanalitumia kwa kuzunguka ku intaneti, lakini kwa wavuvi kurambaza ni kutembea na chombo huku mshipi unafuata nyuma. Kule pwani ngalawa inasukumwa na tanga. Upepo unafanya kazi ya kasia, mvuvi anabaki na mkono wa kushika mshipi. Shida inaanza pale ambapo hakuna tanga, hakuna mota, na hakuna mwenzako wa kupiga kasia. Hapo mtu anahitaji mkono wa tatu.

Nimegundua kwamba mkono huo wa tatu umetafutwa na watu ambao hawakujuana hata kidogo, na kila mmoja alipata kipande chake cha jibu. Mkono wa tatu uko na kazi tatu: kushika, kusema, na kuachilia. Kushika, ni kwamba ufito usianguke majini. Kusema, ni kumwambia mvuvi kwamba samaki amekula. Kuachilia, ni kuhakikisha kwamba samaki akiwa na nguvu kukushinda, hatakwenda nawe. Tuanze na ile ya kwanza.

Kule Samoa, katikati ya bahari ya Pasifiki, watu walikuwa na mtumbwi maalum wa kufukuza jodari wadogo, jina lake va'aalo. Ni mtumbwi mwembamba, mwepesi, wenye mti wa pembeni wa kuuzuia usipinduke. Te Rangi Hiroa, daktari wa asili ya Maori kutoka New Zealand ambaye Wazungu walimuita Peter Buck, aliuandika kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya vifaa vya Wasamoa. Ufito wao ulikuwa wa mwanzi mrefu. Haukushikwa mkononi wakati wa kutembea. Uliegemezwa ku sehemu ya nyuma ya mtumbwi, juu ya kiegemeo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, ukatoka nje kuelekea nyuma na juu, na mshipi ukaning'inia ili chambo kiruke-ruke juu ya maji.

Chambo chenyewe hakikuwa nyama. Kilikuwa kipande cha gamba la chaza kinachong'aa kama samaki mdogo, na ndoana ya gamba la kasa iliyofungwa nyuma yake, bila jino la kurudi nyuma. Munaona akili iliyo hapo? Ndoana isiyo na jino inamtoa samaki mara moja akifika ndani ya mtumbwi, na chambo kinarudi majini bila kupoteza wakati, juu kundi la jodari halikungojei. Wapiga kasia wanasukuma kwa nguvu, ufito unajishikilia wenyewe. Samaki akikamata, mtu wa nyuma anainua ufito, samaki anaruka hewani na kuanguka ndani.

Kwa hiyo Samoa walimaliza kazi ya kushika. Lakini angalia vizuri: kule ndani kulikuwa na zaidi ya mtu mmoja. Aliyekaa nyuma aliweza kuangalia ufito kwa macho yake wakati wenzake wanapiga kasia. Ukiwa peke yako, macho yako yanatazama mbele, na ufito uko mgongoni. Utajuaje kama samaki amekula?

Jibu la hiyo linapatikana mbali sana na Pasifiki, kaskazini mwa Uingereza, ku maziwa ya Windermere na Coniston. Haya ni maziwa madogo tukilinganisha na yetu. Windermere iko na urefu wa kilometa 17 hivi, Tanganyika inapita 650. Ndani yake kunaishi samaki wa maji ya baridi, jina lake char, wa jamaa moja na trauti. Katika karne ya 18 samaki huyo alikuwa chakula cha watu wakubwa: alipikwa na viungo, akafunikwa na siagi ndani ya vyungu vidogo vilivyochorwa samaki, akatumwa mpaka London.

Char anakaa chini sana, mahali pa giza na baridi. Wavuvi wa kule wakatengeneza kitu ambacho mpaka sasa wachache bado wanakitumia. Mtu mmoja anakaa katikati ya mashua, anapiga makasia polepole. Kila upande wa mashua kuna ufito mmoja mrefu, karibu mita tano na nusu, umelazwa nje kama bawa la ndege. Kwenye kila ufito kuna mshipi mmoja mkuu wenye chubwi nzito ya risasi chini kabisa, na ku mshipi huo kumefungwa mishipi midogo sita ao zaidi, kila mmoja kwa kina chake. Kila mshipi mdogo unavuta kipande cha shaba ao cha fedha kilichosuguliwa mpaka king'ae.

Sasa hesabu: mtu mmoja, mikono miwili ku makasia, fito mbili, na vyambo kumi na mbili ao zaidi majini. Angalau angetaka macho manne! Lakini hakuwa na haja ya macho. Alifunga kengele ndogo kwenye ncha ya kila ufito. Samaki akigusa, kengele inalia. Kengele ya kushoto ikilia, anajua ni kushoto. Mwendo wa makasia unatikisa ufito kwa utaratibu wake, na sikio lililozoea linatofautisha mtikiso wa makasia na mtikiso wa samaki.

Tuone pia kwa nini fito zilitoka pembeni, hazikuelekea nyuma. Kama mishipi yote miwili ikipita nyuma ya mashua, mara ya kwanza unapokata kona inasokotana, na siku yako imekwisha. Kuilaza fito pembeni kunaweka nafasi ya zaidi ya mita kumi kati ya mshipi na mshipi. Kwa njia hiyo Windermere walimaliza kazi ya kusema. Kazi ya kuachilia haikuwasumbua sana, juu char ni samaki mdogo na mashua yao ilikuwa pana. Hakuna char atakayempindua mtu.

Kazi ya tatu ilimalizwa na watu ambao walikuwa wanakufa juu yake.

Kayaki yenyewe, ambayo leo inauzwa kwa rangi ya machungwa na ya kijani, ni chombo cha Wainuiti wa kaskazini ya mbali. Kwa lugha yao ni qajaq. Ilitengenezwa na mbao zilizotupwa na bahari, na mifupa, ikafunikwa na ngozi ya sili. Greenland walikuwa wanaiingia mtu mmoja mmoja, nguo imefungwa ku mdomo wa chombo ili maji yasiingie. Haikuwa chombo cha starehe. Ilikuwa ya kuwinda sili kwa chusa, na sili anaweza kuwa mzito kuliko mwindaji.

Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyevuka barafu ya Greenland mwaka 1888, alikaa huko majira ya baridi, akajifunza kayaki kwa wenyeji, na mwaka 1891 akachapisha kitabu juu ya maisha yao. Ukiangalia namna vitu vilivyopangwa juu ya kayaki ya Greenland, utaona kwamba hakuna kitu kilichowekwa ovyo. Chusa iko mbele, upande wa mkono. Mbele ya kifua kuna kimeza kidogo chenye miguu, na kamba ya chusa imekunjwa juu yake kwa duara, tayari kukimbia. Kila kitu kinachohitaji jicho na mkono kiko mbele. Nyuma ya mgongo kuna kitu kimoja kikubwa: boya la ngozi ya sili lililojazwa hewa, na mwisho wa kamba umefungwa hapo.

Boya hilo ndilo mkono unaoachilia. Chusa ikishika, kamba inakimbia kutoka kimezani, na mwindaji analitupa boya majini haraka. Kuanzia hapo sili anavuta boya, havuti mtu. Anazama, boya linamchosha, anarudi juu, na mwindaji anafuata kwa kasia lake. Lakini kama kamba ikisokotana, ikimshika mkono, ao kama boya halikuondoka kwa wakati, sili anavuta kayaki kwa pembeni na inapinduka. Wanaume wengi walikufa hivyo. Kwa hiyo mpangilio wa kamba juu ya kayaki haikuwa swala la usafi. Ilikuwa kati ya baba kurudi nyumbani na watoto kubaki yatima.

Sasa tuje karibu na wakati wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Malibu katika jimbo la California, kijana Tim Niemier alianza kutengeneza chombo kilichozaliwa ku ubao wa kutelezea mawimbi: mtu anakaa juu yake, haingii ndani. Kina matundu yanayorudisha maji baharini, na ukianguka unaweza kupanda tena. Kampuni yake ikaitwa Ocean Kayak. Wavuvi wakakiona, wakakipenda, na swali la zamani likarudi: nimeshika kasia, ufito uweke wapi? Watu walijibu kwa kutoboa vishimo wenyewe nyumbani, na viwanda vikafuata baadaye.

Majibu yao yamegawanyika mara mbili, na yote yako na sababu.

Wa kwanza wanaweka vishikio nyuma ya kiti, kimoja kila upande, vimeinama kuelekea nyuma na nje. Uzuri wake: kasia linazunguka huru, halipigi kitu. Tena mshipi unatoka nyuma moja kwa moja, na samaki akivuta, anavuta kwa urefu wa chombo, na kwa urefu kayaki haipinduki kirahisi. Ubaya wake ni ule wa mtu aliye peke yake: hauoni ncha ya ufito. Hauoni kama chambo kimenasa majani na kinavutwa bure. Na samaki akila, unalazimika kujigeuza mwili mzima ili ushike ufito ulioinama tayari kwa nguvu. Kujigeuza juu ya chombo chembamba, kwenye mawimbi, ni kuomba kuogeshwa.

Wa pili wanaweka vishikio mbele, karibu na magoti ao miguu, pembeni. Ncha iko mbele ya macho, na mkono unafika bila kugeuka. Lakini kasia linapita hapo hapo. Kwa hiyo kishikio kinasogezwa mbele kupita mahali kasia linapoingia majini, na ufito unalazwa chini, ncha ikitoka nje karibu pembe mraba na chombo. Mshipi unapita mbali na kasia kabla ya kurudi nyuma. Ukiisimamisha fito juu kama bendera, kasia litakamata mshipi siku hiyo hiyo.

Munaona? Wa mbele wanafanana na Windermere: fito kama mabawa, na ncha inayosema. Wa nyuma wanafanana na Samoa.

Wengi wanaovuta mishipi miwili wanaweka mmoja mfupi na mwingine mrefu, ili vyambo visikutane. Hata hivyo kona inabaki hatari. Ukikata kona, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo na kuzama, cha nje kinaongeza mwendo na kupanda. Kona ya ghafla inavikutanisha. Kona pana kama ya lori lenye trela inaviacha mbali. Na hao wa California walijifunza pia somo la Greenland: ufito unafungwa kwa kamba fupi ili usipotee, breki ya gurudumu la mshipi inalegezwa ili samaki achukue mshipi bila kuvuta mtu, na kisu kiko mahali mkono unafika.

Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ilileta pedali zinazosukuma mapezi mawili chini ya chombo, yanapiga maji kama mabawa ya pengwini. Miguu ikachukua kazi ya kasia, na mikono ikawa huru. Ungefikiri vishikio vingetupwa. Havikutupwa. Mkono unachoka, kishikio hakichoki, tena mtu mwenye fito mbili bado anahitaji wa tatu.

Kwa nini ninawaletea haya yote? Juu maziwa yetu yamejaa swali hili, na hakuna anayeliandika.

Kivu, mtu aliyekaa Bukavu ao Goma anajua zile pirogi tatu zilizofungwa pamoja kwa miti, na fito ndefu zinazotoka mbele na nyuma kama pembe za panzi. Fito hizo zinashika wavu wa sambaza, yule samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo mkono wa tatu ni wa mti, na kuna kikundi kizima cha watu wanaoimba na kupiga kasia. Lakini ku Tanganyika, kuanzia Uvira kushuka Baraka mpaka Kalemie, kuna pia mzee aliye peke yake ndani ya mtumbwi wa mti mmoja, asubuhi, anavuta mshipi nyuma kutafuta sangala. Hana ufito, hana kishikio. Nimeona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja, mshipi umefungwa ku kidole cha mguu ao umezungushwa pajani.

Msicheke. Kwa kazi mbili za kwanza, mguu ni chombo kizuri kabisa. Unashika. Na unasema: mzee mmoja alinielezea kwamba mguu unasikia samaki kabla jicho halijaona kitu, hata kwenye giza. Ni kengele ya Windermere iliyofungwa ku mwili. Shida ni kazi ya tatu. Sangala wa Tanganyika anaweza kupita kilo 20. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapoamka na kuinua mawimbi, mtu aliyefungwa mguu kwa samaki wa namna hiyo yuko pale pale alipokuwa mwindaji wa Greenland ambaye boya lake halikuondoka.

Nimesoma ripoti nyingi za miradi ya uvuvi. Zinahesabu mota, nyavu, taa, barafu. Sijakutana na moja inayouliza mshipi wa mtu wa peke yake umefungwa wapi. Sisi wenye lisansi tumefundishwa kuuliza tani ngapi. Kuuliza mikono iko wapi wakati wa kazi, hatukufundishwa.

Mimi ninafikiri jibu linaweza kutengenezwa bila hata mradi mmoja. Panda ya mti, ile yenye umbo la Y, ifungwe pembeni ya mtumbwi mbele ya goti, mbali na njia ya kasia. Mshipi ukunjwe ku kijiti, uzuiwe pale pandani na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli: samaki akivuta, mpira unanyooka na jicho linaona. Akivuta zaidi, mshipi unachomoka wenyewe. Na mwisho wa mshipi usifungwe ku mguu wala ku mtumbwi, ufungwe ku bidoni tupu ya lita 5 yenye kifuniko. Samaki mkubwa ataivuta bidoni, mzee atamfuata polepole. Ni boya la sili, isipokuwa letu linanukia mafuta ya mawese.

Inawezekana wazee watasema panda inazuia kutupa wavu, ao mpira unaoza na jua kwa mwezi mmoja. Watakuwa na haki ya kusema hivyo, na pengine watakuja na kitu kizuri zaidi. Kwa hiyo yule kati yenu anayekwenda staji Baraka ao Kalemie msimu huu, ninamuomba kitu kimoja. Kabla ya kufungua karatasi zako za maswali, kaa ufukweni asubuhi tatu na uhesabu: wangapi wanarudi na mshipi ku mguu, wangapi ku mkono, wangapi ku mti. Kisha uwaulize wale wa mguu kama wanamjua mtu ambaye hakurudi.